Zamu ya Nyambura

Siku tulipoezua nyasi na kuezeka mabati walikuwapo watu hawa: Mama Eunice, kiongozi wa kikundi cha wanawake wa mabati, na kitambaa chake cheupe kichwani, wanawake wa kikundi chake, wote wa upande wetu wa Tetu, ambao nikiwataja mmoja mmoja sura hii itakuwa ya majina tu, fundi Athumani wa Majengo, mjini Nyeri, aliyekuja na nyundo yake ameiviringisha kwenye gunia kama mtoto mchanga, Tata Muthoni, shangazi yetu wa Kiriaini, aliyefika bila kualikwa na kukaa kwenye kigoda amekunja mikono, mdogo wangu Wangeci, kitinda mimba wetu Muriithi, aliyefungwa blanketi na kuwekwa juani, na mimi, Wairimu, niliyekuwa kifungua mimba na kwa hiyo mama na baba wa nyumba ile. Na Nyambura. Nimemtaja mwisho kwa sababu mabati yale yalikuwa yake.

Tulimzika mwezi uliopita. Mchungaji aliponiita niseme neno kama jirani wa siku nyingi, nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasema Nyambura alikuwa jirani mwema, nikakaa. Wangeci alinitazama kwa namna yake ya kunitazama tangu utotoni, ya kuuliza, ni hayo tu? Muriithi, ambaye sasa ana mvi na kitambi, aliinama akachezea kofia yake. Sisi watatu tunajua kwamba hayakuwa hayo tu. Lakini watu walikuwa wamechoka na jua, chakula kilikuwa kinapoa, na jambo lenyewe si la kusemwa kwa kipaza sauti. Ndiyo maana naliandika hapa.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza wa kukaa peke yetu. Bendera mpya ya uhuru kwenye mlingoti wa kambi ya chifu ilikuwa bado na rangi zake zote. Mimi nilikuwa nimeacha shule, nikafungia vitabu vyangu kwenye sanduku la mbao lililotumika pia kama meza. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, chumba kimoja cha kulala na jiko lililopakana nacho, na paa la nyasi lililokuwa limezeeka hadi likawa jeusi kwa moshi upande wa ndani na kijani kwa kuvu upande wa nje. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, tukiipika mara moja kwa siku mbili, viazi vitamu asubuhi, na uji jioni, kila mmoja na kikombe chake. Cha Muriithi kilikuwa na mpini uliovunjika, naye hakutaka kingine. Nikiulizwa leo kama tulikuwa na shida nasema ndiyo. Mwaka ule nilikuwa nasema hapana, na nilikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa Tata Muthoni. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke mapema. Baada ya mazishi ya pili, tulipokuwa tumewazika baba na mama wote wawili, alikuja kutoka Kiriaini na mpango aliokwisha kuupanga na watu wa ukoo. Wangeci angekwenda kwake kumsaidia na watoto wadogo. Muriithi angechukuliwa na jamaa wa Nanyuki. Mimi ningetafutiwa kazi ya ndani kwa watu wazuri. Niliyasikia hayo nikiwa jikoni, wao wakiwa nje wanakunywa chai yangu. Nilitoka nikasema, "Tata, hatuendi popote. Tutakaa hapa na Mungu atatutunza." Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Sawa," akasema. "Lakini nitakuja wakati wa masika. Nikikuta hawa watoto wanalowa, sitauliza tena."

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi. Kila aliyepita kwetu alikuwa, machoni pangu, mpelelezi wa Tata. Mama Eunice alipoleta mzigo wa kuni, nilimwambia kuni tunazo, na usiku ule tulipikia mabua. Mwanamke mwingine alipoleta maziwa, nilimwambia Muriithi hapendi maziwa, na Muriithi akiwa pale pale mlangoni anayatazama. Neno langu lilikuwa moja: tuko sawa, Mungu anatosha. Nililisema mara nyingi hadi nikaliamini, na sehemu yake ilikuwa kweli. Nilisali kweli. Nilimtegemea Mungu kadiri nilivyojua kumtegemea, na nilivyojua ni kwamba mtu anayemtegemea Mungu hana haja na mtu mwingine yeyote.

Jambo lililonifunga kabisa lilitokea kwenye mkutano wa waliookoka. Siku za mikutano ile, aliyeguswa alisimama akatoa ushuhuda, na mimi nilisimama. Nilisimulia habari za nabii Eliya kando ya kijito, jinsi kunguru walivyomletea mkate na nyama asubuhi na jioni, nikasema hivyo ndivyo Bwana anavyotulisha sisi watatu. Wanawake walilia. Mzee mmoja alisema hajaona imani kama ile katika watu wazima. Baadaye nilisikia kwamba ushuhuda wangu umefika hadi ng'ambo ya mto, unahubiriwa na watu wasionijua. Na kuanzia hapo hakuna aliyeleta kuni tena. Wanawake walipishana nami njiani, migongo imepinda kwa mizigo, wakanisalimu kwa heshima kama wanavyomsalimu mke wa mchungaji. Nilirudi nyumbani na heshima ile, na heshima haiwashi moto.

Hapa nieleze kidogo juu ya wanawake wa mabati, maana watoto wa leo hawawajui. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za nyasi, na hakuna mwanamke ambaye peke yake angeweza kununua paa. Kwa hiyo walijiunga. Walipalilia kahawa za watu, walichimba mitaro, walibeba mawe ya barabara, na malipo yao wote yaligeuzwa kuwa mabati ya mmoja wao. Wakimaliza nyumba yake, walianza kumfanyia kazi wa pili, na hivyo hivyo. Zamu zilipangwa tangu mwanzo, na kila mwanamke aliijua yake kama anavyojua jina la mume wake. Nilikuwa na jembe na mgongo wenye nguvu, na Mama Eunice aliwahi kuniambia nafasi ipo. Nilimjibu kwamba tuna paa.

Mvua za masika zilipokuja, paa lilionyesha lilivyo. Kwanza tone moja juu ya sanduku la vitabu. Kisha karibu na kitanda. Tulipanga sufuria, kibuyu, na karai la kufulia, na tukajifunza kulala tumejikunja tukikwepa. Mwavuli mweusi wa baba niliufunga kwa kamba juu ya mahali alipolala Muriithi. Kikohozi kilimpata hata hivyo. Kwenye zahanati walimpa dawa ya chupa na kuniambia nimweke pakavu. Nilisema ndiyo, nitamweka. Nilitembea kurudi nyumbani nimembeba mgongoni, nikihesabu kichwani njia za kumweka mtoto pakavu, na sikuipata hata moja ambayo haikupitia mdomoni mwangu.

Nyambura alikuja adhuhuri moja ya mvua, gunia kichwani, kigae mkononi. Alikuwa mjane, nyumba yake ya nyasi iko chini ya yetu tu, na mwanawe wa pekee alikuwa huko Doldol akifuata biashara ya mbuzi. Hakuwa ameokoka. Alivuta ugoro, alicheka kwa sauti, na wanawake wa mkutano walimpenda huku wakimwombea. Katika kikundi cha mabati alikuwa wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kunyamaza.

"Nipe moto," alisema akiwa mlangoni. "Wangu umezimika."

Kuomba moto kwa jirani lilikuwa jambo la kila siku, wala nisingeweza kumnyima. Aliingia, akachutama kando ya mafiga, lakini hakuchukua makaa. Alitazama sufuria. Alitazama karai. Akatazama mwavuli.

"Ile nyumba ndani ya nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu," Muriithi alisema kutoka chini yake. "Hakuna kuingia na ugoro."

Nyambura alicheka, na Muriithi naye akacheka, kicheko chake kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Tulingoja kiishe. Kilipoisha Nyambura hakuwa anacheka tena.

"Mami," aliniambia, maana hivyo ndivyo wanawake wetu wanavyomwita msichana wanapotaka asikie, "Mama Eunice anajua haya?"

"Mungu anajua."

"Sijakuuliza Mungu anajua nini. Nimekuuliza Mama Eunice."

Nilichochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Na kama ni Mungu unayemtegemea," akaendelea, "mbona unamwogopa Tata yako hivyo? Ati asione, ati asisikie. Mimi si mtu wa kanisa, unisahihishe nikikosea. Lakini naona kama umejificha nyuma ya Mungu, kama mtoto anayejificha nyuma ya leso ya mama yake wageni wakija."

"Wewe hujui mambo ya imani," nilimwambia. Msichana kumwambia mtu mzima maneno hayo, nyumbani mwangu, amechutama kwenye moto wangu.

"Sijui," alikubali. "Najua mambo ya paa. Zamu inayofuata ni yangu. Mabati yanakaribia kutimia. Sitakuletea hapa kama zawadi, kwa sababu utasema una paa. Ukiyataka, njoo Jumatatu kule tunakopalilia, useme kwa mdomo wako mbele ya wote."

Akachagua makaa mawili, akayaweka kwenye kigae, akajifunika gunia na kutoka. Wangeci alisimama mlangoni akimtazama anavyoteremka. "Dada," akasema, "mbona kwake kunafuka moshi?" Nilimwambia afunge mlango, mvua inaingia.

Jioni ile, kama kila jioni, Wangeci alitusomea Biblia kwenye mwanga wa koroboi. Nilimtaka asome habari za Eliya na kunguru. Alisema tumezisoma jana na juzi. Nikamwambia asome tena. Akasoma, na alipofika pale nilipozoea kumwambia inatosha, sikusema, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza pumzi ya Muriithi. Wangeci, ambaye alipenda kusoma kuliko kula, akaendelea. Kijito kikakauka. Mungu akamwambia nabii aondoke aende mji mwingine, kwa mwanamke mjane. Na nabii alipofika langoni alimkuta mjane akiokota kuni, akamwomba maji. Mjane alipogeuka kwenda kuyaleta, akamwita tena, akamwomba na kipande cha mkate.

"Kumbe Eliya aliomba," Wangeci alisema, akiwa ameweka kidole kwenye mstari. "Nilidhani aliletewa tu siku zote."

Nimeisikia sura hiyo ikihubiriwa mara nyingi tangu wakati huo, na wahubiri karibu wote husifu imani ya mjane. Ni haki yake. Mimi humfikiria nabii, mtu aliyezoea kulishwa na mbingu bila kumtazama yeyote usoni, akisimama kwenye lango la mji wa kigeni mbele ya mwanamke maskini kuliko yeye, akitafuta neno la kuanzia. Mungu angeweza kutia maji kwenye kijito. Alichagua kukiacha kikauke. Sikulala sana usiku ule, na si kwa sababu ya matone tu.

Jumatatu nilimwacha Muriithi na Wangeci, nikachukua jembe kana kwamba nakwenda kulima. Shamba lilikuwa la mwenye kahawa mmoja upande wa mtoni. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari kati ya mibuni, migongo chini, wakipokezana wimbo na umbea. Nilisimama mwisho wa mstari. Mmoja aliniona, akainuka, akapangusa uso kwa mkono, akatabasamu tabasamu lile la heshima. Mwingine akainuka. Wimbo ukakatika. Nyambura peke yake hakuinua kichwa. Aliendelea kupalilia kana kwamba hanijui.

"Bwana asifiwe, Wairimu," Mama Eunice alisema. "Umetuletea neno?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yenye adabu, yenye Mungu ndani. Yote yaliniponyoka. "Nyumba yetu inavuja," nikasema. "Muriithi anaumwa. Sina la kufanya. Nisaidieni."

Mama Eunice aliweka jembe chini polepole. Nilidhani sasa ataniambia kwamba nimewadanganya watu wa Mungu kwa ushuhuda wangu, na ningekubali. Badala yake uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyekanyaga mwiba.

"Tulikuwa tunaona lile paa," alisema. "Kila siku tukipita tunaliona. Lakini tulisema, huyu mtoto amemwekea Mungu ahadi, tusije tukaharibu ushuhuda wake."

"Na kijana yuko ndani anakohoa ushuhuda," Nyambura alisema, bado ameinama.

Mmoja wao alicheka, kisha akaziba mdomo, kisha wakacheka wote, na Mama Eunice akacheka huku akilia. Mimi nililia tu. Halafu, kwa kuwa wanawake wale hawakujua kuacha kazi katikati, mmoja alinisogezea nafasi kwenye mstari, nikapalilia nao hadi jua la mchana. Nyambura aliponyoosha mgongo mwishoni alisema maneno machache: "Zamu yangu apewe yeye. Ameomba."

Kwa desturi yetu nyumba haikupaswa kulala bila paa, kwa hiyo kazi yote ilifanywa siku moja. Alfajiri wanawake walipanda, wakaezua nyasi kwa mikono, vumbi na masizi vikawageuza wote kuwa weusi kama vyungu. Fundi Athumani alikata mbao akilalamika kwamba wanawake wa Tetu wanamharakisha kuliko wanaume wa mjini. Walimletea chai, akauliza kama sufuria haikupikiwa nyama ya nguruwe, na Nyambura akamwambia, "Baba, hata ya kuku haijapikiwa." Tata Muthoni alifika katikati ya hayo yote, na begi. Aliona nyumba haina kitu juu. Akaona mtoto kwenye blanketi.

Alikaa kwenye kigoda, akatazama. Alitazama hadi bati la mwisho lilipopigiliwa, na moto mpya ukaletwa kwenye kigae kutoka kwa Nyambura, na wanawake wakaingia kuimba ndani. Nilimpelekea chakula nikiwa nimejiandaa kupigana. Alipokea sahani, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani hamna watu, Wairimu. Nilidhani mko peke yenu." Alilala kwetu usiku huo na asubuhi akarudi Kiriaini. Ndani ya begi lake, ambalo nilidhani ni la kubebea nguo za wadogo zangu, mlikuwa na sweta mbili, na alituachia.

Mvua ya kwanza juu ya mabati ilikuwa na kelele hata hatukuweza kusikia sala zetu wenyewe. Muriithi alipiga kelele kushindana nayo. Kikohozi kilichukua muda, lakini kiliisha, na mwavuli wa baba ukarudi kwenye msumari wake.

Nilijiunga na kikundi ili kufanya kazi ya zamu mpya ya Nyambura, ambayo sasa ilikuwa ya mwisho kabisa. Haikufika. Kabla ya kumfikia, wengine walianza kupanda majani chai yao wenyewe, wengine wakahama, Mama Eunice akaugua, na kikundi kikafa kimyakimya bila mtu kutangaza. Nyambura aliendelea kukaa chini ya nyasi. Nilimwendea. Nilimwambia nitamtafutia mabati kwa mgongo wangu mwenyewe, bati kwa bati.

"Sijaomba," alisema.

"Wewe ndiwe uliyeniambia niombe."

"Wewe ulikuwa na watoto wa kulowa. Mimi nikilowa nitakauka."

Nilirudi mwaka mwingine, na mwingine. Jibu lilikuwa hilo hilo, na ugoro, na kicheko. Hatimaye mwanawe alirudi kutoka Doldol na kumjengea nyumba ya mabati, na nikapoteza hata nafasi ya kubisha mlango. Miaka ya mwisho alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Sijui alizungumza nini na Mungu. Hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu kwa mtu.

Hivyo ndivyo nilivyozoea kuamini, hadi siku ya mazishi, Wangeci alipokaa kando yangu na sahani yake na kusema, "Unakumbuka ule moshi?" Nilimuuliza moshi gani. "Siku alipokuja kuomba moto. Kwake kulikuwa kunafuka moshi. Nilikuambia, ukasema nifunge mlango." Mwanamke aliyekuwa na moto wake nyumbani alijifunika gunia, akapanda mlima katika mvua, akasimama mlangoni kwa msichana mwenye kiburi, akaomba moto. Aliomba yeye kwanza, ndipo akaniambia niombe.

Katika nyumba ya Nyambura sasa anakaa mjukuu wake, Wambui, mjane kijana mwenye watoto wawili. Siku ya mazishi nilimwona akiinua sufuria kubwa peke yake, na wanawake walipomkimbilia alimwambia bibi mmoja, "Tuko sawa, shosho. Mungu yupo." Niliijua sauti hiyo, ilikuwa yangu ya mwaka ule. Juzi nilipita nje ya ua wake nikaona ng'ombe hayupo na zizi limefagiliwa safi, na mtoto mkubwa yuko nyumbani siku ya shule. Nilimsalimu. Tuko sawa, akasema, akasimama katikati ya mlango, akauziba.

Jana, manyunyu yalipoanza, nilijifunika shali nikateremka. Nilibisha. Nikamwambia nimeishiwa na chumvi, na mvua hii sitafika dukani, kama anaweza kunisaidia kidogo. Alinitazama, mwanamke mzee aliyelowa, kisha akasogea kando ya mlango nikaingia. Alinimiminia chumvi kwenye karatasi, nyingi kuliko niliyoomba, akanipa kigoda. Nilikaa. Sikuuliza kitu, wala yeye hakusema kitu. Chumvi ile nimeiweka kabatini juu ya pakiti yangu iliyojaa. Zamu ya Nyambura bado iko kwangu, na kesho, mvua ikiendelea, nitakwenda kuomba kiberiti.